Msaada wakuu: IT kaondoka na paswedi ya wifi ya ofisi, netsh inasema profaili haipo na mimi naiona kwa macho yangu

BintiMahesabu (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mimi si mtu wa IT, mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko juu ya godauni huku Chang'ombe, sema kwa vile mimi ndo huwa nahangaika na printa ikigoma basi bosi kaamua IT ni mimi. Kijana aliyekuwa anashughulikia haya mambo kaacha kazi mwezi uliopita. Ukimpigia anapokea vizuri tu, anasema "dada ngoja niangalie kwenye daftari" halafu kimya wiki nzima. Hatujagombana naye, ni vile mtu akishaondoka kaondoka.

Sasa iko hivi, Jumatatu mafundi wanakuja kutufungia faiba na ruta mpya. Vifaa vinavyotumia wifi ni laptopu 14, printa 2, skana 3 za mkononi za kule godauni, tableti 2 na TV ya mapokezi. Fundi kaniambia kwenye simu, dada ukiipa ruta mpya jina lile lile na paswedi ile ile basi vifaa vyote vitaingia vyenyewe, hutagusa hata kimoja. Nikafurahi kweli. Shida paswedi yenyewe hakuna anayeijua, laptopu zote aliingiza yeye kwa mkono wake. Kwenye ukurasa wa ruta ya zamani siwezi kuingia, alishabadilisha na hiyo, na kile kitobo cha kuriseti naogopa kukigusa maana tukikosa intaneti nusu siku tu mzigo wa mteja unaendelea kulala bandarini na gharama zinapanda.

Nikasoma mahali kwamba Windows inatunza paswedi zote za wifi uliyowahi kuingia. Nikafungua cmd (ile skrini nyeusi ya Windows ya kuandika kamandi) nikaandika

netsh wlan show profiles

Ikaleta orodha ndefu, na naona kabisa mstari wa All User Profile : Ghala Juu. Hilo ndo jina la wifi yetu. Nikaandika

netsh wlan show profile name="Ghala Juu" key=clear

Ikanijibu Profile "Ghala Juu" is not found on the system. Nimerudia mara kumi, herufi kubwa, herufi ndogo, wapi. Ya nyumbani kwangu nikiandika inatoka vizuri tu. Hii ya ofisi ina mdudu gani?

Chapati Mbili

Siti ya mbele kabisa, wajuvi wanakuja. Wakati tunawasubiri, hii kamandi inaweza kutoa na ya jirani? Naulizia rafiki yangu.

KeboMbovu

Mkuu hizo alama za kunukuu umezikopi kutoka wasap nini? Simu huwa inazipinda zile alama, inaweka moja ya kufungua na moja ya kufunga, cmd haizitambui kabisa. Futa, ziandike upya kwa kibodi ya kompyuta, zile zilizonyooka.

BintiMahesabu

@KeboMbovu nimeandika kwa mkono, hakuna kukopi. Halafu mimi ni dada sio mkuu 😅

KeboMbovu

Huku hata bibi yangu akijiunga ni mkuu. Ngoja wengine waje basi, mimi risasi yangu ilikuwa hiyo moja.

Mzee wa Ping

Habari dada. Twende taratibu maana naona umeshajitahidi, na nijibu na ya Chapati Mbili hapo hapo.

Windows ukiingia kwenye wifi yoyote, inaandika kifaili kidogo kinaitwa profaili. Ndani yake kuna jina la mtandao, aina ya ulinzi, na paswedi. Kifaili kinakaa C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc\Profiles\Interfaces, paswedi ikiwa imefichwa, hata ukikifungua kwa Notepad hutaambulia kitu. Hiyo netsh wlan ipo tangu Windows Vista na kazi yake ni kwenda kuisoma ile profaili na kukuonyesha kwa lugha ya binadamu. Kwa hiyo Chapati Mbili, inatoa kile ambacho kompyuta hiyo imeshawahi kupewa, ya jirani hujawahi kuingia haina mahali pa kuitoa. Mwambie rafiki yako pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kesi.

Dada kwa shida yako, achana na kuitaja kwa jina. Zitoe profaili zote kwa mpigo ziwe mafaili, tutaangalia humo ndani kuna nini:

netsh wlan export profile key=clear folder=C:\wifi

Usipoweka jina inatoa zote. Leta majibu.

BintiMahesabu

Ahsante mzee wangu. Kwanza ilikataa ikalalamikia folda, nikagundua folda inabidi uitengeneze mwenyewe kabla (mkdir C:\wifi). Nimetengeneza, mafaili 9 yametoka. Nimefungua moja kwa Notepad, penye keyMaterial badala ya paswedi kuna limstari refu linaanza 01000000D08C9DDF halafu linaendelea karibu nusu ukurasa. Hiyo ndo paswedi? Maana kama ndo hiyo yule kijana alikuwa anatukomoa.

Mzee wa Ping

Hahaha hapana. Hapo juu yake utaona imeandikwa protected true, maana yake imetoka ikiwa bado imefungwa. Hukuifungua cmd kama admini. Nenda kwenye Start andika cmd, raiti kliki, Run as administrator, halafu rudia kamandi ile ile. Utajua umepatia ukiona protected imekuwa false.

Na wale wanaosoma huu uzi baadaye, hilo limstari refu usihangaike kulibeba kwenda kompyuta nyingine, limefungwa kwa ufunguo wa mashine hiyo hiyo, kwingine halifunguki.

Babu Seva

Swali dogo kabla hamjaenda mbali. Binti, bosi wako anajua unafanya hii kazi? Simaanishi vibaya. Nina maana aliyekutuma akutumie hata meseji ya mstari mmoja, tumekuomba utoe mipangilio ya wifi ya ofisi. Siku yakitokea ya kutokea, wewe ndo utakuwa umekaa kwenye cmd na paswedi za watu.

BintiMahesabu

@Babu Seva shikamoo, nimekuelewa. Nimemwomba bosi kaandika kwenye grupu la ofisi kabisa, "endelea, Jumatatu tusikwame".

Halafu wakuu IMETOKA. Nimefungua kama admini, protected false, paswedi naiona. Tatizo jipya, nikiiweka kwenye simu yangu inakataa. Nimeangalia herufi moja moja. Hiki ndo kipande cha faili (nimebadilisha maneno ya paswedi, msinigombeze, alama na urefu ndo vile vile):

<name>Ghala Juu </name>
<hex>4768616C61204A757520</hex>
<authentication>WPA2PSK</authentication>
<encryption>AES</encryption>
<keyMaterial>Mzigo&amp;amp;Meli2019</keyMaterial>

Samahani hapo mwisho jukwaa limeweka amp mbili, kwenye faili iko moja, yaani ni Mzigo, ile alama ya na, halafu amp, halafu nukta mkato, halafu Meli2019. Nimeandika yote hivyo hivyo kwenye simu, imekataa.

Ndimu Kali

Salamu kutoka Mombasa. Dada yangu hiyo paswedi haina amp ndani yake, wallahi imenikuta hii na nikapoteza mchana mzima. Faili za aina ya XML haziruhusu ile alama ya & kukaa peke yake, kwa hivyo ikitolewa inaandikwa kwa kirefu, & kisha amp kisha nukta mkato. Wewe ukiisoma uibadilishe kichwani, hayo yote ni alama moja tu. Paswedi yako ni Mzigo&Meli2019, basi. Mambo ni hayo hayo kwa alama za < na >, nazo huandikwa kwa kirefu, lt na gt.

Jaribu kisha uniambie. Nyuma ya hapo nina jambo lingine nimeliona kwenye mstari wa hex lakini wacha kwanza uingie.

BintiMahesabu

IMEINGIA. Nimepiga kelele hadi mlinzi kapanda juu.

@Ndimu Kali umeona nini tena huko?

Ndimu Kali

Sasa ndiyo utajua kwa nini ilikuambia profaili haipo. Ule mstari wa hex ni jina la wifi limeandikwa kwa namba, kila herufi namba mbili. 47 ni G, 68 ni h, 61 ni a, 6C ni l, 61 tena a, 20 ni nafasi tupu, 4A ni J, 75 na 75 ni u mbili. Hapo Ghala Juu imekwisha. Lakini yako haijaisha, ina 20 nyingine mkiani. Maana yake jina la wifi yenu lina nafasi tupu mwishoni. Yule kijana alipoandika jina kwenye ruta kidole kiligusa kitufe cha spesi kisha akahifadhi.

Kwa macho hutaiona hata ukodoe. Kwa kompyuta, "Ghala Juu" na "Ghala Juu " ni watu wawili hawajuani. Angalia hata jina la faili ulilotoa, nina hakika kabla ya nukta ya .xml kuna pengo.

BintiMahesabu

Jamani. Ni kweli, faili linaitwa Wi-Fi-Ghala Juu .xml, pengo lipo, nililiona nikadhani ni mambo ya Windows tu. Na nimejaribu

netsh wlan show profile name="Ghala Juu " key=clear

ikafunguka palepale, chini kwenye Security settings kuna Key Content na paswedi imekaa bila amp wala nini. Yaani siku mbili zangu zimeliwa na kitufe cha spesi.

KeboMbovu

Kwa hiyo risasi yangu ya alama za kunukuu ilipita karibu sana, ni nafasi tu ndo ilinikosesha 😂

mwanaTux

Naongezea kwa wale ofisi zenu hazina Windows tusije tukaulizwa maswali 40.

Linux zenye NetworkManager: nmcli connection show utapata orodha, halafu nmcli -s -g 802-11-wireless-security.psk connection show "Jina" inakutolea paswedi peke yake. Kama umeshaunganishwa, nmcli device wifi show-password, hii inakuchorea na kodi ya QR hapo hapo kwenye skrini nyeusi, unaelekeza simu unaingia, mimi naipenda hii kuliko zote. Mafaili yenyewe yapo /etc/NetworkManager/system-connections na lazima uwe root (admini wa Linux) kuyasoma.

Mac: security find-generic-password -wa "Jina" itakuomba uthibitishe kwa paswedi ya Mac yako kisha inatoa. Kuona orodha ya mitandao, networksetup -listpreferredwirelessnetworks en0.

Tableti za Android kuanzia toleo la 10 hakuna haja ya kamandi yoyote, fungua wifi uliyoingia, bonyeza kushea, QR inatokea na nyingi zinaandika paswedi chini yake.

Karani wa Posho

Mimi ofisini kwetu nimejaribu hiyo ya netsh, profaili inafunguka lakini hakuna Key Content, imeandikwa Security key : Absent. Na ninatumia wifi kila siku. Ni ulinzi gani huo?

Mzee wa Ping

Kwenu kila mtu anaingia kwa jina lake na paswedi yake mwenyewe ya kazini, sio? Hiyo ni WPA2 ya Enterprise, hakuna paswedi moja ya wote, kuna seva pembeni inayomuuliza kila mtu wewe ni nani. Kwa hiyo kwenye profaili hakuna cha kutoa, inabaki mipangilio tu. IT wenu anajua anachofanya, usimsumbue.

Babu Seva

Na hapo ndo nilikuwa nasubiri pa kuingilia.

Binti hongera, umefanya kazi ya fundi kabisa. Lakini nataka niharibu sherehe kidogo. Umeitoa paswedi kwenye laptopu moja kwa mistari miwili. Mfanyakazi mwingine yeyote mwenye haki za admini kwenye laptopu yake anaweza kuitoa vivyo hivyo, leo, na pengine kuna walioshaitoa na kuwapa wapangaji wa chini. Yule kijana aliyeondoka anayo kichwani au kwenye daftari lake. Sasa wewe Jumatatu unataka kuichukua paswedi ile ile uivishe ruta mpya. Ruta mpya, faiba mpya, kufuli la zamani. Mimi nisingefanya.

KeboMbovu

Mzee Babu Seva kumbuka ana vifaa 22. Skana na printa kuingiza wifi upya ni adhabu. Aingie kwanza Jumatatu kazi iende, paswedi atabadilisha baadaye kwa utulivu.

Babu Seva

"Baadaye" naijua mimi. Nina miaka zaidi ya 20 kwenye kazi hii, sijawahi kuona baadaye ikafika. Kuna ofisi nilikuta paswedi ya mtu aliyeshastaafu na wajukuu anao.

BintiMahesabu

Wote mna hoja na mnanichanganya. Kwa hali ya bosi wangu nadhani ya KeboMbovu ndo itapita, ataniuliza tu Jumatatu intaneti ipo au haipo. Ila @Babu Seva usiniulize paswedi ya admini ya laptopu zetu iko wapi, imebandikwa chini ya kibodi ya mapokezi.

Babu Seva

Nimekaa chini kwanza.

Dunia Duara

Samahani kuingilia uzi, mimi kwenye Windows 11 nikiandika netsh wlan show interfaces inaniambia eti inahitaji ruhusa ya mahali nilipo. Wifi na mahali nilipo vinahusiana nini? Kompyuta ya mwenzangu Windows 10 haisemi hivyo.

Mzee wa Ping

Hiyo imeletwa na toleo la 24H2 la Windows 11. Sababu ni kwamba orodha ya wifi zilizokuzunguka pamoja na namba za ruta zake inatosha kujua uko mtaa gani, kwa hiyo wamezifunga nyuma ya ruhusa ya lokesheni. Nenda Settings, Privacy & security, Location, iwashe, rudia kamandi. Ukimaliza izime kama hupendi.

BintiMahesabu

MREJESHO, JUMATATU

Wakuu nimerudi, nimechoka sana ila niwape yote maana mlinisaidia.

Mafundi wamefika saa tatu, faiba imewaka, raha tupu. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta mpya nikaandika jina Ghala Juu na spesi mwishoni kama nilivyofundishwa, nikaweka paswedi ya zamani, nikahifadhi. Nikazima ruta ya zamani nikakaa kusubiri laptopu 14 zijiunge zenyewe kama kuku wanaorudi bandani. Hakuna hata moja. Dakika tano, kumi, bosi kashaanza kuchungulia mlangoni. Kwenye simu yangu naiona Ghala Juu, nikiigusa inaniomba paswedi kama mgeni.

Nikarudi kwenye ukurasa wa ruta nikabofya mwisho wa jina nione kishale kinasimama wapi. Kimesimama kwenye u. Ruta imekata ile spesi yenyewe! Nikairudisha, nikahifadhi, imekata tena. Fundi akasema dada hizi hazikubali nafasi mwishoni, zinasafisha. Kwa hiyo ile ya hutagusa hata kimoja ikafia hapo.

Nilikaa nikacheka peke yangu. Halafu nikamkumbuka Babu Seva. Kama ni lazima nivishike vifaa vyote 22 mkononi, ya nini tena nibaki na paswedi ya zamani? Nikabadilisha jina na paswedi vyote viwili. Ulinzi niliweka WPA2 maana nilipojaribu WPA3 peke yake printa ya zamani ilikuwa haiingii.

Laptopu nilifanya hivi, wenye ofisi ndogo kama yangu chukueni. Nikaingiza wifi mpya kwa mkono kwenye laptopu moja tu, yangu. Nikaitoa profaili yake kwa ile ile export, nikaiweka kwenye flashi nikaiita mpya.xml. Pembeni yake nikaweka faili la .bat (faili la kuendesha kamandi kwa mpigo) lenye mistari miwili:

netsh wlan add profile filename="%~dp0mpya.xml" user=all
netsh wlan delete profile name="Ghala Juu "

Ile %~dp0 KeboMbovu alinielekeza pm, maana yake angalia kwenye folda hii hii nilipo mimi, kwa hiyo hata flashi ikiwa D au E au F haijalishi. Kila laptopu unachomeka, raiti kliki kwenye faili, fungua kama admini, inajibu Profile is added on interface Wi-Fi, unatoka. Laptopu 13 nilizimaliza kabla ya saa sita na katikati nilikunywa chai. Moja tu iligoma, ikasema huduma ya Wireless AutoConfig haifanyi kazi, kumbe kuna mtu alizima, nikaandika net start wlansvc ikaamka.

Printa kubwa niliingiza kwenye kioo chake, sawa. Ile ndogo na skana zilikuwa haziioni kabisa wifi mpya.

Mzee wa Ping

Masafa ya wifi, 2.4 na 5, yamewashwa yote mawili?

BintiMahesabu

Ndo hapo mzee. Fundi alikuwa ameacha 5GHz peke yake imewashwa "ili iwe na spidi". Skana zetu zinajua 2.4 tu. Tumewasha zote mbili kwa jina moja, skana zikaiona zote tatu.

Mzee wa Ping

Safi sana. Na laptopu unaweza kujua mapema bila kubahatisha, netsh wlan show drivers, angalia Radio types supported. Ukiona 802.11b, g na n tu bila a wala ac, hiyo ni ya 2.4, usiipeleke kwenye 5. Na kama kuna laptopu inakatakata siku hizi mbili andika netsh wlan show wlanreport ukiwa admini, inakutengenezea ripoti nzima ya siku tatu zilizopita, lini iliunganishwa, lini ilikatika na kwa nini, unaifungua kwenye brauza. Hiyo ukimwonyesha fundi hakuletei habari za "labda ukuta ni mnene".

Babu Seva

Binti mimi sina la kusema, umenishinda. Swali moja tu: flashi iko wapi?

BintiMahesabu

Kwenye pochi yangu.

Babu Seva

Na ndani yake mpya.xml ina paswedi mpya imeandikwa wazi kabisa, na kwenye C:\wifi ya laptopu yako bado kuna zile 9 za zamani pamoja na ya nyumbani kwako.

BintiMahesabu

... nafuta sasa hivi.

Nimefuta zote, flashi na folda, na kapu la taka nimemwaga. Ile karatasi ya chini ya kibodi nayo nimeibandua, hiyo ya admini nabadilisha kesho.

Ndimu Kali

Na wageni je? Usije ukaanza kuwapa wateja hiyo hiyo mpya kesho kutwa.

BintiMahesabu

Fundi kawasha ya wageni pembeni, inaitwa Ghala Wageni, nimehakikisha haina spesi nimeihesabu kwenye hex kabisa 😂

Chapati Mbili

Rafiki yangu anaulizia hiyo ya wageni paswedi yake.

BintiMahesabu

Mwambie aje na mzigo.

BintiMahesabu

Wakuu sikutegemea kuandika tena kwenye huu uzi ila lazima mjue. Leo Jumatano saa nne asubuhi yule kijana kanitumia meseji. "Dada samahani sana kwa kuchelewa, daftari nimelipata lilikuwa kwa mama Morogoro. Paswedi ni hii hapa." Kaiandika vizuri na & yake. Halafu chini kaongeza: "Kumbuka jina lina spesi mwishoni, nilikosea siku ya kwanza, nilipogundua mlikuwa mmeshaunganishwa wote nikaogopa kuitoa."